Sarafu za Zamani Mtandaoni: Tatizo Liko Kwenye Madini au Kwenye Maneno?

Tangazo linasema: "Sarafu ya Mjerumani, tembo, 1916, dhahabu, bei maelewano." Picha ni moja, imepigwa sarafu ikiwa kiganjani, na chini yake watu wameshaanza kuulizana bei. Kabla hujajiunga nao, tenganisha mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyachanganya. Kuna sarafu bandia, yaani iliyotengenezwa juzi ili ifanane na ya zamani. Na kuna sarafu halisi kabisa inayouzwa kwa maelezo ya uongo: umri usio wake, madini yasiyo yake, uadimu usio wake.

Kwa sarafu za Afrika Mashariki, aina ya pili ndiyo inayokula fedha za watu wengi zaidi. Wanaoghushi hupenda aina chache zenye bei kubwa: rupia 15 ya Tabora, rupia mbili za Kijerumani, riale ya Maria Theresa (sarafu ya fedha ya Austria). Senti za shaba na shilingi za kikoloni haziwalipi kuzighushi, kwa hiyo huko utakuta sarafu ya kweli imevikwa hadithi. Dawa za magonjwa haya mawili hazifanani. Mizani hukamata madini ya uongo, lakini haiwezi kukwambia kwamba mwaka uliotajwa umesomwa vibaya. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dalili unayoiona kwenye tangazo au mkononi, kisha unatafuta chanzo chake.

Vifaa si vingi: mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupimia kipenyo, sumaku ndogo yenye nguvu, lenzi ya kukuza mara kumi, kikombe cha maji na uzi. Kama huna mizani, sonara wa mtaani anayo, na wengi hawatakutoza kitu kwa kupima mara moja.

Dalili: Muuzaji hatoi uzito, au uzito haulingani

Swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei. Liwe uzito. Mwombe akupigie picha sarafu ikiwa juu ya mizani, namba ikisomeka. Aliye na sarafu na nia safi hili ni jambo la dakika chache. Asiyekuwa nayo ataanza kuzunguka: mizani imeharibika, sarafu iko kwa kaka yake Mwanza, wewe njoo na hela utaiona.

Namba za kulinganisha ni hizi:

- Riale ya Maria Theresa: gramu 28.07, fedha ya 833 kwa 1000, kipenyo karibu milimita 40.
- Rupia moja ya Deutsch-Ostafrika (Afrika Mashariki ya Kijerumani), na rupia ya Mombasa ya mwaka 1888: gramu 11.66, fedha ya 917, kipenyo karibu milimita 30.
- Rupia mbili ya Kijerumani, iliyotolewa 1893 na 1894 tu: gramu 23.32, kipenyo karibu milimita 35.
- Rupia 15 ya Tabora, 1916: gramu 7.17, dhahabu ya 750.
- Shilingi ya East Africa ya 1921 hadi 1946: gramu 7.78, fedha ya 250.
- Heller 5 (sarafu ndogo ya Kijerumani, chini ya rupia) kubwa ya 1908 na 1909: shaba, karibu gramu 20, kipenyo milimita 37.

Sarafu iliyopita mikono mingi hupungua. Rupia iliyolika sana ikisoma 11.4 haina neno. Ikisoma 9.5 huo si uchakavu tena, ni madini mengine. Na kuna jambo moja ambalo watu hulisahau: matumizi hupunguza uzito, hayauongezi. Rupia inayosoma 12.3 inatia shaka kuliko ile ya 11.4, kwa sababu hakuna njia ya kawaida ambayo sarafu inaweza kunenepa mfukoni mwa mtu. Chanzo huwa ni kalibu iliyojazwa madini rahisi, na mtengenezaji hakujali unene.

Dalili: Uzito uko sawa, lakini moyo haukubali

Moyo una haki. Mghushi anayejua kazi yake huongeza unene kidogo ili mizani isome sawa. Kwanza pima kipenyo na unene kwa kalipa. Kisha ipitishe sumaku. Fedha, dhahabu na shaba hazivutwi. Sarafu ikiruka na kunata kwenye sumaku, ndani kuna chuma na mjadala umekwisha. Isiponata, bado haijafaulu, kwani shaba ya njano nayo hainati.

Kipimo kinachoamua ni cha maji. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa kuta wala kitako cha kikombe, usome namba. Gawanya uzito wa kawaida wa sarafu kwa namba hiyo. Riale halisi ya gramu 28.07 itasoma karibu 2.75 ndani ya maji, na jibu litakuwa 10.2. Ya shaba ya njano yenye uzito uleule itasoma karibu 3.30, na jibu litakuwa 8.5. Rupia ya fedha inatakiwa itoe karibu 10.3. Rupia 15 ya Tabora, kwa kuwa dhahabu yake imechanganywa na fedha na shaba, inatakiwa iwe karibu na 15.5, si 19.3 ya dhahabu tupu. Hakikisha uzi ni mwembamba na hakuna viputo vya hewa vilivyonasa kwenye herufi, maana kwa sarafu ndogo kosa dogo hubadilisha jibu.

Tahadhari moja: risasi ikichanganywa na bati inaweza kukaribia namba ya fedha. Hapo tumia sikio. Iweke sarafu ncha ya kidole, igonge taratibu kwa kalamu. Fedha hulia kwa mlio mwembamba unaodumu, risasi hutoa mlio mfu. Usiidondoshe sakafuni kama wanavyofanya wengine, utaipiga ukingo na kuishusha thamani sarafu ambayo huenda ni nzima.

Kwa dhahabu, hata maji hayatoi hukumu ya mwisho. Bandia za sovereign, sarafu za dhahabu za Kiingereza, zilizotengenezwa kwa dhahabu halisi zimejulikana Mashariki ya Kati tangu katikati ya karne ya 20. Anayezitengeneza hupata faida yake kwenye tofauti kati ya bei ya dhahabu na bei ya sarafu. Kwa hiyo baada ya madini kufaulu, bado sura inabaki kuchunguzwa.

Dalili: Herufi zimevimba, uso una vitundu vidogo, ukingo una mstari

Sarafu halisi hupigwa: bamba la madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma na kugandamizwa kwa nguvu kubwa. Matokeo yake ni herufi zenye kona kali na uso uliotulia. Bandia za bei rahisi humiminwa kwenye kalibu. Madini ya moto yakipoa hujikunja kidogo na kuacha vitundu vya hewa, herufi huwa na mabega ya duara kana kwamba zimepakwa siagi, na pale nusu mbili za kalibu zilipokutana hubaki mstari unaozunguka ukingo. Mtengenezaji akiusugua kwa tupa, utaona mikwaruzo ya tupa ukingoni. Ndiyo sababu picha ya ukingo ni ya lazima, na ndiyo picha ambayo matangazo mengi hayana.

Usichanganye hili na uchakavu. Sarafu iliyochakaa hulika kwanza sehemu zilizoinuka: shavu la mfalme, mdomo wa simba, nywele za juu ya sikio. Mabondeni kati ya herufi hubaki makali. Ikiwa mabonde nayo ni laini sawasawa na vilele, hiyo haikuchakaa, ilizaliwa hivyo.

Kuna dalili nyingine ambayo mtandao umetusaidia kuiona. Kalibu hutengenezwa kwa kunakili sarafu moja ya kweli, pamoja na makovu yake. Kila bandia itakayotoka humo itakuwa na kovu lile lile mahali palepale. Chukua picha ya tangazo, itafute kwa picha mtandaoni, na utazame sarafu nyingine za aina hiyo zinazouzwa. Ukiona sarafu mbili za wauzaji wawili, zote zina mkwaruzo uleule unaokatiza herufi ileile, basi angalau moja ni mtoto wa kalibu, na mara nyingi zote mbili.

Utafutaji huohuo hukamata picha za wizi. Picha nzuri mno, yenye mandhari meupe na mwanga wa studio, kwenye tangazo la mtu anayesema ameikuta sarafu kwenye sanduku la marehemu bibi, aghalabu imechukuliwa kutoka mnada wa Ulaya. Mwombe picha mpya, sarafu ikiwa juu ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kwa mwandiko wa mkono.

Dalili: Tembo wa Tabora kwa bei ya kutupa

Hii inastahili nafasi yake, kwa sababu ndiyo sarafu inayotamaniwa zaidi katika historia ya Tanganyika na ndiyo inayoghushiwa zaidi.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Uingereza zilizuia meli kufika pwani, na sarafu kutoka Ujerumani hazikuingia. Wajerumani wakaanza kutengeneza zao Tabora, kwenye karakana ya reli. Heller 5 na heller 20 zilitoka kwa shaba, nyingi yake kutoka maganda ya risasi na mizinga. Rupia 15 ilitoka kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja una tai wa Kijerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, mwaka 1916, na herufi T ya Tabora. Zilitengenezwa elfu kumi na sita na ushei tu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi ikaishia hapo.

Wauzaji wa bandia hutumia historia hii kama kinga. Ukiwaambia herufi hazieleweki, watakujibu: "Ilitengenezwa vitani, ndiyo maana." Maneno hayo yana ukweli kwa heller 20. Zile za Tabora ndivyo zilivyo: chapa imekwenda upande, muhuri umepasuka, taji halionekani vizuri. Ukiiona heller 20 mbovu ya 1916 usiitupe, huo ndio uso wake, na bandia zake hazina faida kwa mtu. Lakini rupia 15 ilipewa uangalifu zaidi. Kwenye nakala isiyochakaa, mwili wa tembo na mlima nyuma yake husomeka wazi. Tembo aliyevimba kama puto hatetewi na vita.

Sasa hesabu. Gramu 7.17 za dhahabu ya 750 zina karibu gramu 5.4 za dhahabu safi. Angalia bei ya gramu ya dhahabu leo, zidisha. Hiyo ndiyo thamani ya sarafu hata ikiyeyushwa, na wakusanyaji hulipa zaidi ya hapo. Anayekuuzia kwa robo ya namba hiyo amekwambia mwenyewe kwamba si dhahabu. Udhuru wa "nina shida ya haraka" hauna uzito, kwa sababu mwenye shida na dhahabu huenda kwa sonara na kulipwa siku hiyohiyo.

Mizani nayo inasema wazi. Bandia ya shaba ya njano iliyopakwa rangi ya dhahabu, ikiwa na ukubwa sahihi, haitafika hata gramu 4. Kama imefika 7, ipime unene, utakuta imenona karibu mara mbili. Tazama pia maeneo yanayosuguliwa, kama mgongo wa tembo na ukingo: rangi nyekundu au nyeupe ikichungulia chini ya dhahabu, umepata jibu. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1973 inataka nakala za sarafu zigongwe neno COPY. Baadhi ya bandia huanza maisha yao zikiwa na neno hilo, halafu mtu hulisugua. Eneo dogo lililong'aa kuliko sehemu nyingine, au bonde lisilo na sababu, ni kaburi la neno hilo.

Dalili: "Riale ya 1780, original"

Hapa madini huwa ya kweli na maneno ndiyo yenye kasoro. Malkia Maria Theresa alifariki mwaka 1780, na mwaka huo haukubadilika tena kwenye sarafu yake, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Oman na mwambao wetu waliizoea sura hiyo na hawakutaka nyingine. Vienna iliendelea kuitengeneza. Katika miaka ya 1930 na 1940 ilitengenezwa pia Roma, London, Paris, Brussels na Bombay. Zimetoka mamia ya mamilioni, na Vienna inazitengeneza hadi leo. Zote zina mwaka 1780.

Kwa hiyo dhana ya kuanzia iwe hii: riale yoyote ya 1780 unayoiona mtandaoni ni ya kurudiwa, hadi bingwa wa sarafu hizo athibitishe vinginevyo kwa maandishi. Hadithi ya "ilikuwa ya babu" haibadilishi kitu. Babu aliyekuwa akifanya biashara ya majahazi kati ya Lamu na Muscat angeweza kabisa kulipwa riale iliyopigwa London wakati wa vita vya pili. Ni kumbukumbu nzuri ya familia na ina karibu gramu 23.4 za fedha safi. Lipa bei ya fedha na kidogo juu yake. Bei ya mnada ya sarafu ya karne ya 18 haiistahili.

Riale bandia za madini rahisi nazo zipo. Mbali na uzito na maji, angalia ukingo: riale halisi ina maandishi yaliyoinuka ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, pamoja na mapambo. Ukingo mtupu au wenye meno kama ya shilingi unatosha kuikataa.

Na ukiona riale yenye mhuri mdogo wa Kiarabu uliogongwa juu yake, ikitajwa kuwa ya Hijaz au Najd huko Uarabuni na bei imepanda mara nyingi, simama. Riale ni halisi, mhuri ndio wa kutilia shaka. Kugonga mhuri kwenye sarafu ya bei ya kawaida ni kazi ya dakika moja.

Dalili: "Ina zaidi ya miaka 700, tazama mwaka 1299"

Hiki ni kisa cha pesa ya shaba ya Zanzibar yenye mizani upande mmoja na jina la Sultani upande wa pili. Mwaka ١٢٩٩ umeandikwa kwa Hijria. Ukitaka kuubadilisha kwa haraka, zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622: utapata 1882, enzi ya Sayyid Barghash. Pesa ya 1304 ni ya 1887. Pesa ya Mombasa yenye mwaka 1306 ni ya 1888, na imetolewa na kampuni ya Imperial British East Africa. Ni sarafu nzuri, lakini pesa hizi za shaba ni za kawaida sokoni. Zilizo adimu kweli ni riyali za fedha na za dhahabu za Barghash za mwaka huohuo 1299, na hizo ukizikuta zikiuzwa kwenye kundi la simu kwa bei ya kiatu, rudi kwenye mizani.

Wakati mwingine muuzaji hadanganyi, hajui tu. Mwelekeze kwa upole. Akishikilia miaka 700 baada ya kuelezwa, basi sasa anadanganya.

Dalili: "Fedha tupu"

Shilingi ya East Africa yenye simba ina fedha robo tu hadi ya mwaka 1946. Zile za 1948 hadi 1952 hazina fedha hata chembe: ni shaba na nikeli. Uzito wa aina zote mbili unakaribiana, kwa hiyo mwaka ndio unaokupa jibu, si mizani. Shilingi ya Tanzania ya 1966 yenye mwenge na senti 50 yenye sungura ni shaba na nikeli. Weupe si fedha.

Sarafu za hifadhi ya wanyama za Tanzania za 1974 zina mtego wa aina yake. Shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru zilitolewa kwa namna mbili: ya kawaida yenye fedha ya 500, na ya kung'aa kama kioo yenye fedha ya 925. Matangazo huandika 925 kwa zote. Shilingi 25 ya fedha nzuri ina gramu 28.28, ya kawaida karibu 25.4. Shilingi 50 ya fedha nzuri ina gramu 35, ya kawaida karibu 32. Gramu tatu hizo zinatofautisha bei karibu mara mbili kwa fedha peke yake.

Dalili: "Mfalme aliyeacha kiti, adimu duniani"

Edward wa Nane alitawala mwaka 1936 kwa muda usiotimia mwaka. Sarafu za Uingereza zenye sura yake ni adimu mno. Sovereign yake moja ya 1937 iliuzwa kwa pauni milioni moja mwaka 2020. Muuzaji huichukua habari hiyo na kuibandika kwenye senti 10 ya East Africa ya 1936 yenye tundu katikati na jina EDWARDVS VIII. Jina ni lake kweli, sarafu ni halisi. Lakini sarafu za tundu hazina sura ya mfalme, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kusubiri picha yake ichongwe, na senti 5 na senti 10 zikatengenezwa kwa wingi. Ni za bei ndogo. Nunua moja kwa furaha, kwa bei yake.

Dalili: Sarafu inang'aa mno, au ina doa karibu na ukingo

Riale na rupia nyingi kwenye mwambao na Oman zilivaliwa shingoni na kwenye mikono kama mapambo. Zilitobolewa au kubandikwa kipete kwa risasi. Baadaye mtu huziba tundu na kulisugua. Itafute alama hiyo juu ya kichwa cha mfalme au malkia, pande zote mbili: duara la rangi tofauti kidogo, herufi iliyokatika, au mapambo yaliyochorwa upya kwa mkono. Ukingoni, tazama uvimbe au doa la rangi ya risasi. Sarafu kama hii ni halisi na ina uzuri wake, ila thamani yake kwa mkusanyaji hushuka sana, na muuzaji anayeificha amekuuzia kitu kingine.

Kung'aa ni kasoro ileile. Sarafu ya fedha ya miaka 120 iliyotulia huwa na kijivu au weusi. Ikiwaka kama sufuria mpya, imesuguliwa kwa jivu, dawa ya meno au ndimu, na chini ya lenzi utaona mikwaruzo midogo iliyoelekea upande mmoja. Madhara hayo hayaondoki. Na wewe ukishainunua iliyo nyeusi, iache hivyo.

Dalili: Iko ndani ya kasha la plastiki lenye namba

Kampuni za Marekani kama PCGS na NGC huthibitisha sarafu na kuzifunga kwenye kasha lenye namba. Namba hiyo unaweza kuiingiza kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Fanya hivyo kwa kuandika anwani ya tovuti mwenyewe, usifuate kiungo alichokutumia muuzaji. Tatizo ni kwamba makasha nayo hughushiwa, na mghushi hutumia namba ya kweli ya sarafu ya mtu mwingine. Kwa hiyo namba kukubaliwa hakutoshi. Pale tovuti inapoonyesha picha, linganisha mikwaruzo na madoa ya sarafu hadi uhakikishe ni sarafu ileile. Kasha lisilo na jina la kampuni inayojulikana ni plastiki tu.

Dalili: "Imefukuliwa Kilwa"

Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa ni hazina ya kweli. Tano zilipatikana mwaka 1944 kisiwani Marchinbar, kaskazini mwa Australia. Lakini tangazo la aina hii lina mawili tu. Ama ni kipande cha shaba kilichoozeshwa kwa asidi kikafanana na cha kale, ama ni kitu kilichoibwa kutoka eneo la kihistoria. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya 2006. Kufukua na kusafirisha nje bila kibali ni kosa. Usinunue hata kama ni halisi. Sarafu iliyong'olewa ardhini bila kumbukumbu ya ilipokuwa imewanyima wote historia ambayo ingeweza kutueleza.

Dalili: Wewe ndiye unayetakiwa kuuza

"Tunanunua shilingi 40 ya Kenya kwa milioni." Sarafu hiyo ipo: ilitolewa 2003, yenye sura ya Mwai Kibaki, kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Lakini mwenye tangazo hana haja nayo. Utaombwa kwanza ada ya usajili, kisha ya cheti, kisha ya usafiri. Mnunuzi wa kweli hutoa hela, haombi. Funga mazungumzo hapo.

Kifurushi kimefika na sarafu siyo

Rekodi video tangu kifurushi kikiwa kimefungwa, jina na muhuri wa posta vikionekana, hadi sarafu iwe juu ya mizani. Usiisafishe, usiikwaruze kujaribu madini, usiitoe kwenye kasha. Ukiigusa kwa tupa, muuzaji atasema si yake. Mwandikie siku hiyohiyo, mtumie namba: uzito uliotakiwa, uzito uliosomeka, kipimo cha maji. Namba hujibiwa kwa namba, malalamiko hujibiwa kwa malalamiko. Kama ulilipa kupitia jukwaa lenye ulinzi wa mnunuzi, fungua dai kabla ya muda wake kwisha, hata kama muuzaji anakuahidi kurudisha kesho. Kama ulituma kwa simu moja kwa moja, toa taarifa kwa kampuni ya simu na polisi ukiwa na namba ya muamala, picha za tangazo na mazungumzo yote, kabla hajayafuta.

Na kwa ununuzi ujao wa bei kubwa katika mji ulio karibu, mwombe muuzaji mkutane dukani kwa sonara. Sarafu ipimwe mbele yenu wote wawili, ndipo fedha itumwe.